Barua kwa mwanangu anayekwenda kusoma historia Mlimani

Mwanangu mpendwa,

Barua hii nimeiweka juu ya unga wa ulezi ili uione kabla hujafungua vingine. Mzigo umekuja na basi la alfajiri, kaupokee stendi ya Mbezi wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Shangazi yako ndiye aliyeniambia kwamba ulipochaguliwa vyuo viwili ulithibitisha shahada ya historia, ukaiacha ya ualimu. Wewe hukuniambia. Anasema ulinyamaza kwa kuwa unajua nikishapandisha sauti huwa simsikii mtu. Inawezekana. Ila jambo la miaka mitatu mzazi hapaswi kulisikia kwa dada yake.

Sikuandikii ili urudi nyuma. Nafasi umeipata kwa alama zako za HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na mtaa mzima umeshasikia kwangu kwamba binti yangu anaingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nina neno moja tu: usitoke pale na cheti peke yake. Jifunze Kijerumani. Anza mwaka huu huu wa kwanza, kabla hujazoea kusema utaanza mwakani.

Unajua nimekaa masijala mpaka nikastaafu. Nimeona ndugu wakigombania kiwanja mwezi mzima, kila mmoja anaapa, halafu linatolewa jalada moja la zamani na maneno yanakwisha. Asiyeweza kulisoma anabaki kusubiri asomewe, na anayemsomea ndiye anayeamua asomewe nini. Sasa majalada ya utawala wa Wajerumani yanayotunzwa na Nyaraka za Taifa yameandikwa kwa Kijerumani, na mengine ni mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo unawashinda. Vita vya Majimaji, kodi ya kichwa, mashamba waliyojigawia, habari ziko humo. Mtoto wa Songea akisomea historia halafu asiweze kuyafungua hayo, mimi sitalala.

Umeona Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokuja hapa Songea, makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, unataka fuvu lake. Mgeni alisema watajaribu kulitafuta. Mimi nikajiuliza: anayetafuta ni nani? Si balozi, wala si mwanasiasa. Ni mtu anayekaa na daftari la makumbusho la miaka mia moja iliyopita, anafuata namba iliyoandikwa kwenye mfupa, jina la ofisa aliyeupeleka, meli, tarehe. Mwaka huo huo Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyochukuliwa Kilimanjaro yamelingana kwa vinasaba na jamaa walio hai. Kabla ya maabara kulikuwa na watafiti waliopekua maandishi wakajua ukoo gani wauendee. Kazi hiyo ipo na itaendelea kuwepo maisha yako yote, na kwa nini waifanye wao tu?

Usidhani nakudharaulia somo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo hicho hicho walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji, wengi wao wakarudi kwenye maeneo yao ya kwao. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale. Profesa Kimambo naye alikaa na wazee wa Upare akaandika habari zao wakati wengine wakisema Mwafrika hana historia. Wale wazee wa Majimaji leo hawapo. Kilichobaki ni yale waliyoyasema yakaandikwa, pamoja na karatasi za Wajerumani. Ndiyo maana narudia, Kijerumani.

Watu watakuuliza utafanya kazi gani. Mjomba wako ameshaniuliza mimi, tena mbele ya wageni. Nilimjibu kwamba serikali ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, kila taasisi inatakiwa itunze majalada yake, na wanaoyaelewa ni wachache. Kuna Makumbusho ya Taifa, kuna mambo ya kale Kilwa na Bagamoyo. Na mambo ya nje: huu ugomvi wa mpaka wa Ziwa Nyasa na Malawi unaanzia kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, basi siku ya mazungumzo atahitajika mtu aliyeusoma wenyewe, sio aliyesimuliwa. Ualimu pia hujaufungia mlango, stashahada ya uzamili ya elimu ipo. Lakini ajira za walimu wa masomo ya sanaa unaziona, watoto wa jirani wamemaliza na bado wanauza vocha. Ukiwa na shahada ile ile waliyonayo wengine wote, utapanga foleni ile ile.

Goethe-Institut wako Upanga, wanafundisha. Nenda ukaulize ada na siku za madarasa. Bumu, hela ya mkopo wa chuo, likitoka, usinunue simu. Iliyopo inatosha, kioo chake nitakutumia hela ubadilishe. Ada ya Kijerumani nitachangia mimi nikishauza mahindi. Bei bado haijatulia, na mama yako hataki tuuze gunia la mwisho kabla ya Desemba. Tutaelewana.

Kwenye mzigo kuna dagaa wa Nyasa, waanike tena siku moja kabla ya kuwafunga, joto la Dar litawaharibu. Maharage ni ya shangazi yako nusu kwa nusu, mpe kwanza yeye. Shuka la bluu ni la mama yako, amesema ni la kutumia na si la kuweka. Mdogo wako anaulizia kile kitabu chake cha Jiografia ulichoondoka nacho, ana mtihani, mtumie kwa basi la kurudi.

Ng'ombe amezaa, jike. Paa la jikoni bado linavuja pale pale, fundi amekula hela na haonekani.

Ukishapokea nipigie jioni, si mchana, mchana niko shambani na mtandao hakuna. Na unapopiga uwe umeshafika Upanga.

Baba yako