Ukerewe kwa siku moja hatuuzi

Sisi hupeleka wageni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Likizo zikianza, simu zetu hufanana: "Tupo wanne, tumeingia Mwanza jana. Kesho asubuhi twende Ukerewe, jioni turudi. Shilingi ngapi?" Tukisema safari hiyo hatuna, wengine hudhani tunataka kuwauzia kitu cha bei kubwa zaidi. Sawa, siku mbili bei yake ni kubwa kuliko siku moja, hilo hatulifichi. Ila tazama hesabu yenyewe.

Meli ya kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini mpaka Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, hutumia kama masaa matatu, na ziwa likichafuka huongezeka. Kwenda na kurudi ni masaa sita, bado hujapanga foleni ya tiketi wala kusubiri mizigo ipakiwe. Ukishuka Nansio unakuta gati, soko, bodaboda wanaokugombania, sahani ya sato kwa ugali wa muhogo, kisha meli inapiga honi. Umeiona Nansio, Ukerewe hujaiona. Barabara ipo pia: Magu, Lamadi, Bunda, Kisorya, halafu kivuko mpaka Rugezi, kisiwani. Kwa anayetokea Musoma au Serengeti njia hiyo ni nzuri sana. Kwa aliyelala Mwanza mjini ni kuizunguka Ghuba ya Speke yote.

Na kisiwa chenyewe si cha kupitia mbiombio. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alifika pwani ya kusini ya ziwa, akapiga kambi Kageye, na mmoja wa Waingereza aliokuja nao, Frederick Barker, akafia hapo. Ili kuwavusha watu wake kwenda Buganda alihitaji mitumbwi, na mwenye mitumbwi alikuwa Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Vitabu vingi husimulia habari hii kana kwamba Lukonge alikuwa mwenye duka la mitumbwi tu. Wageni wetu tunawataka waisikie kutoka upande wa kisiwani, kwa sababu miaka miwili baadaye mambo yaliharibika. Desemba 1877 ulizuka ugomvi kati ya Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi hapo kisiwani. Wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, walisimama upande wa Songoro. Wote watatu waliuawa. Ukisikiliza simulizi hiyo ukiwa Ukerewe kwenyewe, maswali unayouliza huwa mengine kabisa.

Kwa hiyo mpango wetu ni huu. Siku ya kwanza tunapanda meli, tunafika Nansio, tunakula, kisha tunakwenda Bukindo kuona jumba la watawala wa zamani. Jua likipungua makali tunapanda mawe ya Handebezyo. Ni mawe makubwa katikati ya kisiwa, na kutoka juu unaona mashamba ya mihogo na michungwa, na ziwa nyuma yake. Viatu viwe vya kushika mawe visiteleze, ndala ziache chumbani. Usiku tunalala Nansio, nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye chandarua. Anayetaka hoteli ya kifahari atuambie mapema ili tumshauri abaki Mwanza.

Siku ya pili ina njia mbili. Wenye haraka hurudi na meli. Wenye nafasi tunawashauri waongeze usiku mmoja, tuende Bugolora na kuvuka hadi Ukara, kisiwa cha jirani. Huko kuna jiwe linalocheza, ambalo watoto wa shule hulijua kuliko sisi, na kuna kilimo ambacho wataalamu walikuja kukitazama tangu enzi za ukoloni: kisiwa kidogo, watu wengi, kila kipande cha ardhi kinatiwa samadi na ng'ombe wanalishwa nyumbani. Ukara pia ndiko yalipo makaburi ya Bwisya, ya ndugu waliopotea kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018. Walikufa zaidi ya watu 220. Tunasimama hapo, tunanyamaza. Simu za kujipiga picha zibaki mfukoni, tafadhali. Tumeshawahi kulazimika kumwambia mtu.

Kuhusu maji. Kuoga ziwani hatukuruhusu katika safari zetu, kichocho kipo. Mtumbwi tunaukodi asubuhi tu kabla upepo haujaamka, na kila mtu anavaa koti la kuokolea, hata yule anayesema amezaliwa mwaloni. Meli isipoondoka kwa sababu ya hali ya hewa au matengenezo, tunapita Kisorya kwa gari na nauli ya ziada ni yetu.

Kama kweli una siku moja tu, usilazimishe Ukerewe. Twende Kisesa. Tunatoka mjini kwa barabara ya Musoma, tunasimama Igoma penye makaburi na kumbukumbu ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, kisha Bujora, hapo Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padre Mkanada, David Clement, na alifanya jambo ambalo wamisionari wengi wa wakati wake hawakulithubutu: aliingiza ngoma na alama za utemi, yaani utawala wa jadi wa Wasukuma, ndani ya kanisa. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani mna ngoma za watemi. Omba muongozaji akueleze Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana kwa ngoma na dawa. Akiwa Msukuma, usitegemee kumaliza mapema, kwani lazima ana upande wake. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kuna mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, na hapo nafasi za gari letu hujaa upesi.

Ukituandikia kuweka nafasi, tutajie idadi ya watu, majina kamili kwa ajili ya tiketi ya meli, umri wa watoto, na kama kuna anayechafukwa akipanda chombo. Ratiba ya meli tunakutumia siku moja kabla, kwa sababu hubadilika. Malipo ya awali ni nusu.