Bango la sinema lenye mikunjo si bovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua na kuuza mabango ya zamani ya sinema hapa Kampala. Bango lenye alama za mikunjo linakataliwa, huku lililonyooka na kung'aa kwa laminesheni likigombewa. Wanaofanya hivyo wanaacha mali na kununua hasara.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabango mengi ya Marekani yalikunjwa kabla ya kupelekwa kwenye majumba ya sinema. Bango lao la kawaida lilikuwa inchi 27 kwa 41, likiwa na mikunjo mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, yaani vipande vinane. La Uingereza lilikuwa inchi 30 kwa 40, limelala. Basi ukiletewa bango la “The African Queen”, filamu ambayo sehemu yake ilipigwa hapa kwetu Butiaba na Murchison Falls mwaka 1951, ukaambiwa ni la wakati ule, nalo ni inchi 24 kwa 36 bila mkunjo hata mmoja, hiyo ni nakala. Nakala si kosa. Mafundi wa Nasser Road wanaweza kukuchapia iliyo safi kabisa, ila iuzwe kwa bei ya nakala.

Ukienda kununua, chukua futi, tochi na kioo cha kukuzia mara 10. Anza na upande wa nyuma. Vipande vilivyokuwa nje wakati bango limekunjwa huwa vimechafuka kuliko vingine. Bango zee lenye mgongo mweupe sawasawa kote linatia shaka. Pitisha ukucha juu ya mkunjo. Kwenye nakala iliyopigwa skani, mstari unauona lakini karatasi ni laini. Kisha weka kioo juu ya yale majina madogo chini ya picha. Picha yenyewe itakuwa ya nukta nukta, ni kawaida, lakini herufi za bango halisi ni wino mtupu wenye kingo kali. Herufi nazo zikiwa za nukta, rudisha pesa mfukoni. Mabango mengi ya Marekani ya miaka ile yana pia namba chini kulia, inayoanza na tarakimu mbili za mwaka. Ikitanguliwa na R, bango ni halisi ila filamu ilikuwa imerudishwa sinema kwa mara nyingine, na bei yake kwa kawaida hushuka.

Sasa hali yake. Mulika tochi kutokea nyuma. Mwanga utapenya kwanza pale mikunjo inapokutana, kwa sababu hapo karatasi imevunjwa mara mbili. Kitundu cha ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti hapo nakikubali bila kelele, na matundu ya pini kwenye pembe pia: bango lilitundikwa, ndiyo kazi yake. Kipande kilichotoka usoni mwa mwigizaji ni habari nyingine kabisa. Laza tochi pembeni uone viraka na rangi iliyopakwa juu ya kasoro. Pima pambizo zote nne, maana kuna wanaokata kingo zilizochanika wakauza kilichobaki kama bango zima. Wekundu na unjano hupauka kabla ya buluu, kwa hiyo bango lililogeuka buluu lote limekaa juani, na hilo halitengenezeki.

Selotepu usiivute. Gundi yake huzama ndani ya karatasi ikawa ya kahawia, na plastiki ikibanduka doa linabaki. Laminesheni ni mbaya zaidi: gundi ya moto hushika uso mzima, ukijaribu kuibandua unaondoka na wino, na karatasi ya bei rahisi, ambayo ina asidi yake yenyewe, inaendelea kuoza humo ndani. Mpasuko hushikizwa kwa nyuma kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwa kuwa siku moja fundi ataweza kuulainisha kwa maji. Gundi nyeupe ya seremala haitoki.

Kwa kuhifadhi, tumia mfuko wa polyesta, si ile plastiki laini yenye harufu. Weka bango mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu, kwa ajili ya mchwa na mvua zetu, kwani unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu huanza. Kwenye fremu, kioo kisiguse karatasi, wino utagandia.

Wauzaji nao nawaomba waandike kwenye risiti ukubwa kwa inchi, mipasuko na matundu yaliko, kama pambizo zimekatwa, na kama bango limewahi kupakwa rangi au kubandikwa juu ya kitambaa.

Mkusanyaji wa mabango,
Kampala