Malalamiko kuhusu ramani ya baiskeli iliyochorwa kwa macho ya dereva

Makorora,
Tanga.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Ramani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RAMANI YENU YA NJIA ZA BAISKELI, TANGA, MUHEZA NA PANGANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi nakodisha baiskeli hapa Tanga mjini. Nilinunua kwenu bunda la ramani hizi ili kila mgeni anayechukua baiskeli aondoke na yake. Nimeacha kuwapa. Mlichoniuzia kwa jina la baiskeli ni ramani ya magari iliyopakwa mistari ya kijani, na wanaoadhirika njiani ni wateja wangu, si ninyi.

Angalieni muda mliouandika. Kutoka mjini hadi magofu ya Tongoni mnasema ni dakika 25. Umbali ni kama kilomita 20, kwa hiyo huo ni mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Baiskeli zangu ni zile nzito zisizo na gia, zenye keria nyuma, na mtu mzima asiye na haraka huenda nazo kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Ni saa moja na nusu hivi, kwenda tu. Na hapo upepo haujahesabiwa. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi upepo wa kusi ndio unaotawala, na barabara ya Pangani inaelekea kusini. Anayetoka saa sita mchana mwezi Julai atapigana nao njia nzima. Mwenyeji hutoka alfajiri kabla haujapata nguvu, halafu hurudi mchana akisukumwa mgongoni. Maelezo hayo yangetosha mistari miwili pembeni mwa ramani, pale mlipoweka tangazo la magari ya kukodi.

Lakini kubwa kuliko yote ni ardhi yenyewe. Mstari wenu wa kijani ni uleule kwenye lami, kwenye changarawe, kwenye mchanga na kwenye udongo. Mwenye gari huenda asijali. Mwenye baiskeli akiingia mchanga wa pwani anashuka na kusukuma, na kilomita mbili za kusukuma juani zinachosha kuliko kumi za kukanyaga pedeli. Njia za ndani ya mashamba ya mkonge ni nzuri sana kiangazi, na zinamwepusha mtu na malori ya barabara kuu ya Segera. Masika ni habari nyingine: udongo unanata, unajaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tena mashamba mengine yana geti na mlinzi, lazima uombe kupita. Ramani iko kimya kuhusu yote haya.

Kuna mstari mmoja kusini mwa mji mmeupitisha ufukweni, kando ya mikoko. Inaelekea aliyeuchora alitazama picha ya angani iliyopigwa maji yakiwa yametoka, akaona peupe, akafurahi. Maji yakijaa hapana njia hapo. Mume na mke, wageni wangu kutoka Moshi, walipita asubuhi wakakuta mchanga mkavu. Wakati wa kurudi wakaikuta bahari. Walirudi wamebeba baiskeli mabegani, na mimi nikabaki na kazi ya kuosha chumvi kwenye cheni na beringi. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Njia ya namna hiyo haichorwi bila kuandikwa "maji yakitoka tu". Mvuvi yeyote angewaambia bure.

Msiniambie haiwezekani. OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina nafasi ya kuandika kila kipande cha njia kama ni lami, changarawe, mchanga au udongo. Ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la hukohuko, huweka mshale mmoja barabarani penye mwinuko wa kuanzia asilimia 14, na mishale miwili ukizidi asilimia 20. Ninyi mmechora njia ya kutoka Muheza kwenda Amani kama meza, wakati Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari!

Kwa mjini ndiyo hamkujaribu kabisa. Kipimo chenu ni 1:250,000, yaani sentimita moja ni kilomita mbili na nusu, kwa hiyo Ngamiani nzima inafunikwa na kidole gumba. Jimbo la Limburg, Ubelgiji, lilianza mwaka 1995 kuweka namba kwenye makutano ya njia za baiskeli; mtu huandika namba zake kwenye kikaratasi na kwenda bila kufungua ramani. Ngamiani tayari ina barabara za namba, mtoto mdogo anazijua, na ninyi hamkuandika hata moja.

Sheli, hata hivyo, mmeziweka zote. Mwendesha baiskeli anaitakia nini sheli? Awekewe fundi, yule wa chini ya mti mwenye pampu na karai la maji la kutafutia pancha. Awekewe bomba la maji, na kivuli.

Ninachodai ni hiki. Toleo lijalo litenganishe lami, changarawe na mchanga kwa aina tofauti za mistari, liandike muda wa baiskeli, lionyeshe mafundi, na Tanga mjini ipewe upande wake wa karatasi kwa kipimo kisichopungua 1:25,000. Kabla ya kuchapa, mtu wenu aje azipite njia hizo kwa baiskeli. Baiskeli nitampa mimi bila malipo. Njia ya ufukweni ifutwe sasa hivi kwenye ramani yenu ya simu, hiyo haiwezi kusubiri toleo.

Nakala ambazo sijazigawa nataka mnirudishie fedha zake. Nijulisheni nizipakie kwenye basi gani na nani atazipokea huko Dar es Salaam.

Wenu katika biashara,

Mkodishaji baiskeli,
Makorora, Tanga.