Lugha ya watu wa baharini

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Zuhra kajifungua mtoto wa kike, hayo nitakupigia simu. Leo nina shida, na shida yenyewe ni ile tamthilia.

Si nilikwambia nimepewa kazi ya kutunga lugha ya watu wa baharini? Sasa mwongozaji kaja na jipya: tunajichosha bure, tupindue silabi tu, maji iwe jima, samaki iwe kisama. Kinyume, Mwanahawa! Mbele ya watu wa Tanga! Watoto wa mstari wa mbele watakuwa wanawajibu wachezaji kabla sijakaa.

Maneno kila mtu anaweza kuyatunga, kazi iko kwenye sarufi. Zamenhof alipotoa Kiesperanto, lugha aliyoitunga mwenyewe, mwaka 1887 alitaka wepesi: bona ni nzuri, ukitia mal- mbele, malbona, unapata mbaya, neno la pili hulisomei. Marc Okrand naye, kwa Kiklingon, lugha ya viumbe wa sayari nyingine katika filamu za Star Trek, akataka kigeni hasa: mtendwa mbele, kitenzi kati, mtenda mwisho, mpangilio ulio nadra sana duniani. Mimi nataka mtazamaji asielewe, lakini asadiki kwamba wale wanaelewana. Kinyume hakiwezi hilo.

Basi nimefuta m, b, p na sauti zote za kufunga midomo, kwa kuwa wanaongea chini ya maji (usicheke). Halafu ngeli. Zangu ni mbili tu, ya kupwa na ya kujaa. Kilicho wazi kinaanza na ke-, kilichofunikwa na maji kinaanza na lo-. Mtumbwi uliokwama mchangani ni kekara, ukizama ni lokara. Kitu ni kilekile, maji ndiyo yanayohamisha ngeli. Sasa sikiliza: onyesho la tatu, binti anamwita baba yake ketahe, ketahe, mpaka anarudi yule mpiga mbizi na kusema lotahe. Basi. Hakuna wa kumfasiria mtazamaji, lakini kwa kuwa lo- kaisikia tangu mwanzo kila kitu kinapozama, moyo utamshtuka wenyewe. Mwongozaji anasema hakuna atakayegundua. Ananiudhi huyu, na chai yetu anakunywa.

Shida nyingine ni ndimi zetu. Anayecheza mfalme kila neno linaloishia na t analitia i: kerut kwake ni keruti. Nikiweka irabu mwishoni kote, itasikika kama Kiswahili kilichopata mafua.

Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi niliyoambatanisha ina mistari ya onyesho lile. Wape vijana wako waisome bila kuwaeleza chochote, uwarekodi kwa simu, unitumie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa tunakaa kikao na yule bwana.

Je, kuna atakayehisi lo- ni nini? Na t za mwishoni, nizing'ang'anie au niwaachie? Wewe ungetoa m? Kombo, aliyekwenda Arusha mwaka 2024 kwenye mkutano wa dunia wa Waesperanto, namba yake bado unayo? Na utakuja lini, au mpaka mtoto wa Zuhra aanze shule?

Wako,
Saumu