Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja: Naomba mlango namba 587

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua pepe nilizokuandikia faraghani hazikutoka ofisini kwangu. Sisemi kwa mafumbo: hazikutoka, kwa kuwa intaneti mnayoniuzia ndiyo inayozizuia.

Mimi ni wakala mdogo wa forodha hapa Kurasini. Jumatano iliyopita nilimtumia mteja wangu wa Lubumbashi hati za kontena lake ili azihakiki kabla siku za bure za bandarini hazijaisha. Nilibonyeza kutuma, nikafunga ofisi nikiamini kazi imekwisha. Kesho yake mchana alinipigia kuuliza hati ziko wapi, nami nikazikuta zimeganda palepale nilipoziacha. Gharama za kuhifadhi kontena zilikuwa zimeanza kuhesabiwa, na nimezilipa kutoka mfukoni mwangu, maana aliniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kama barua zake zinanifikia, zangu zinakwama wapi?

Swali hilo sasa nakuletea wewe. Barua zinazoingia huingia bila shida, ikiwemo ankara yenu, ambayo haijawahi kuchelewa hata siku moja. Zinazotoka ndizo zinazosota hadi programu inakata tamaa na kusema seva, yaani kompyuta inayopokea barua zangu na kuzisambaza, haijibu. Nilipounganisha kompyuta ileile, bila kubadili chochote, kwenye simu yenye laini ya kampuni nyingine, barua zote saba zilizokwama ziliondoka kwa mkupuo. Kwa hiyo naomba nisiambiwe tena nizime ruta, nihesabu dakika tano, niiwashe. Nimeizima na kuiwasha mpaka swichi yake imelegea.

Kijana anayenisaidia mambo ya kompyuta alijaribu mlango mmoja baada ya mwingine, yaani zile njia zenye namba ambazo data hupitia kuingia na kutoka, ambazo mafundi wenu huziita poti. Namba 25 imefungwa, na kwa hilo sina ugomvi nanyi: ndiyo njia ambayo kompyuta zilizoingiwa na virusi hutumia kumwaga barua taka moja kwa moja kwenye seva za watu, na kampuni nyingi duniani huifunga kwa wateja wa kawaida. Lakini namba 587 iliwekwa tangu mwaka 1998 mahususi kwa mteja kukabidhi barua zake kwa seva yake, na seva yangu haipokei kitu kwenye mlango huo mpaka nimetoa jina na neno la siri. Huo nao kwenye laini yenu haufunguki, na namba 465, mlango mwingine wa kazi hiyohiyo, vilevile. Nahisi kuna mtu aliyeagizwa kufunga mlango mmoja akaona ni uvivu kuchagua, akafunga yote. Kama nakosea, nitafurahi kusahihishwa na mtu yeyote wa ofisi yako, mradi asiwe yule wa ruta.

Naomba nikukumbushe pia kwamba mwezi Machi nilipewa namba ya malalamiko na ahadi kwamba tatizo lingetatuliwa ndani ya saa 24. Saa hizo lazima zina urefu wa aina yake. Na dada aliyepokea simu yangu wiki hii, kwa adabu ambayo siwezi kuilalamikia, alinishauri nieleze tatizo langu kwa maandishi na kulituma kwenu kwa barua pepe.

Sikudai fidia ya gharama za bandarini, ingawa risiti ninazo. Siombi kasi zaidi wala kifurushi cha zawadi. Mlango namba 25 ufungeni mpendavyo. Naomba 587 ifunguliwe kwenye laini yangu, na kama haiwezekani, niandikiwe sababu. Barua zenu zinanifikia.

Wako mtiifu,
Mteja ambaye ankara yake ya mwezi huu imekwishalipwa