Samaki asiye na faida na joka lake

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wachezaji wa Pokémon, michezo ya video ya kukamata na kukuza viumbe wa kubuni, dhidi ya wanaoiona ya kitoto, nami nikiwa mmoja wao, fundi saa wa miaka 52.

Mtazameni Magikarp: samaki mwekundu, mdomo wazi, anarukaruka tu wala hamuumizi mtu. Mvumilie hivyo hivyo hadi kiwango cha 20, anageuka Gyarados, joka la majini lenye hasira! Aliyebuni hilo anajua utani.

Haunter, kiumbe mzuka, naye katika michezo mingi hawi Gengar, umbo lake kubwa zaidi, mpaka umbadilishane na mwenzako; mwaka 1996 mlilazimika kuunganisha mashine zenu za kuchezea kwa waya. Juzi nilibadilishana na mpwa wangu. Haunter wangu hajanirudishia mpaka leo.

Ninachopinga ni kuuza matoleo mawili ya mchezo uleule, kila moja likikosa viumbe kadhaa. Mfuko wangu ni mmoja.

Fundi Saa, Tanga