Barua ya wazi kwa Katibu wa Idara ya Urekebishaji: Afisa mpya wa probesheni asitie sahihi peke yake

Mheshimiwa Katibu,

Kila nafasi za maafisa wa probesheni zinapotangazwa, simu yangu haitulii. Vijana wa hapa Kilifi, pwani ya Kenya, wanajua niliifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, na swali lao huwa lile lile: nisome nini ili niajiriwe? Huwajibu kwamba digrii ya sosholojia, ustawi wa jamii, saikolojia au sheria itawafikisha mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma. Kisha huwaambia kwamba hapo kazi bado hawajaijua hata kidogo. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikuandikie wewe badala yao, kwa kuwa wewe ndiye mwenye uwezo wa kuamua mwajiriwa mpya afundishwe nini, na kwa muda gani, kabla ya kukabidhiwa faili la mtu.

Ombi langu ni hili. Afisa mpya asitie sahihi peke yake kwenye ripoti ya mahakama mpaka amalize mwaka mzima akitembea na afisa mzoefu. Namaanisha mwaka wa vijijini na gerezani, na semina za hotelini zihesabiwe kando.

Watu wengi wakisikia probesheni hufikiria kifungo cha nje tu: mshtakiwa amerudi nyumbani, anaripoti kwa afisa na kuishi kwa masharti kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Hiyo ni kazi tuliyoirithi kutoka kwa sheria ya kikoloni ya 1943, na huduma yenyewe ikaanza 1946. Tangu hapo mzigo umeongezeka. Sheria ya 1998 ilileta wale wanaofyeka nyasi shuleni na kufagia zahanati badala ya kulala jela. Miongozo ya dhamana ya 2015 ikaleta ripoti za kumweleza hakimu kama mshtakiwa ana makao na kama atarudi kortini. Kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha nayo inataka ripoti. Sheria ya Watoto ya 2022 ina mambo yake. Na zote hizo, Mheshimiwa, humwangukia afisa yule yule mwenye pikipiki moja, au asiye nayo.

Halafu ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Majaji walisema adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji isiwe ya lazima, jaji aachiwe nafasi ya kumpima aliye mbele yake. Mwaka 2021 wakafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake, lakini kufikia hapo wafungwa wa miaka mingi walikuwa tayari wameanza kurudi kortini kuomba adhabu mpya. Mahakama ilitaja mambo ya kuangaliwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake, majuto yake, na kama anaweza kurekebika na kuishi tena na watu. Hilo la mwisho jaji hawezi kuliona akiwa kitini pake. Humtuma afisa wa probesheni akamwangalilie. Anachokiandika afisa huyo katika kurasa nne au tano ndicho jaji atakachokisoma asubuhi moja, kisha mtu arudi kwao au abaki ndani miaka mingine kumi.

Nitakueleza namna ripoti inavyoweza kupotoka bila mtu yeyote kusema uongo.

Nilipewa faili la mfungwa aliyekuwa ndani zaidi ya miaka kumi kwa mauaji. Kijana niliyekuwa nikimwelekeza alitangulia kwenda kijijini kwao. Alifanya kila alichofundishwa: alimwona chifu, akamwona mzee wa kijiji, akawahoji ndugu wawili, akarudi na maelezo safi. Wote walisema mtu huyo asirudi, kijiji hakimtaki, akirudi damu itamwagika. Kijana akaandika kwamba jamii inampinga. Kwa waliohojiwa ilikuwa kweli tupu.

Tulirudi pamoja, siku ambayo haikuwa ya gulio. Hatukuanza kwa chifu. Tuliketi na mama mtu jikoni kwake, na kwa muda mrefu hatukuuliza neno juu ya kesi. Tuliuliza habari za mvua na za minazi. Minazi ndiyo iliyotufungulia mlango. Baba wa mfungwa alipofariki, minazi na mikorosho iligawanywa, na fungu la yule aliye jela likaangukia mikononi mwa ndugu zake wawili, ndio hao waliohojiwa. Mmoja wao alikuwa ameshakodisha lake kwa mgema. Mzee wa kijiji aliyesema kijiji hakimtaki ndiye aliyesimamia mgawanyo huo. Familia ya yule aliyeuawa, waliokuwa na haki ya kwanza ya kukataa, waliishi ng'ambo ya barabara na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Sikusema kwamba mtu huyo hakuwa hatari, wala kwamba ndugu walikuwa waongo. Hofu ya damu ilikuwepo kweli. Ila jaji alistahili kujua kwamba hofu hiyo ilitokana na shamba, na kwamba lilikuwa jambo la kusuluhishwa na wazee kabla ya mtu kutoka. Hapa kwetu kila mtu anajua wazee wangapi wamezushiwa uchawi na kuuawa ilhali kilichotakiwa ni ardhi. Afisa asiyejua kuuliza nani anavuna minazi ya mfungwa hawezi kuandika ripoti ya Kilifi. Nadhani afisa wa Narok au wa Kisii ana swali lake la namna hiyo, na hatalipata kwenye kitabu kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Ndiyo maana nasema mwaka mzima, na pale pale atakapofanya kazi.

Upande wa waliofiwa nao ni mgumu kuliko yote, na ningeomba upewe siku nyingi kuliko somo lolote la sheria. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 iliwapa nafasi ya kusikilizwa. Ni jambo jema. Lakini fikiria inavyokuwa uani kwa mtu. Mama aliyempoteza mwanawe, kesi ikaisha, mshtakiwa akahukumiwa kifo, akaambiwa imekwisha. Miaka inapita. Siku moja anabisha hodi binti wa miaka 25 mwenye faili kwapani, na kutoka kwake mama huyo anasikia kwa mara ya kwanza kwamba huenda yule mtu akatoka. Mama mmoja alituuliza, "Sasa mmekuja kuniuliza kama nimepona?" Hakuna fomu yenye nafasi ya kujibu swali hilo. Afisa aliyefunzwa vizuri angemtanguliza mtu wa nyumbani apeleke habari kwanza, angeacha siku zipite, ndipo aende. Asingekwenda wiki ya matanga wala mwezi wa kumbukumbu ya kifo. Asingeahidi lolote. Na angerudi baada ya uamuzi wa korti kumweleza mama huyo kilichoamuliwa, hata kama kimeamuliwa kinyume na alivyotaka. Kurudi huko hakuhesabiwi popote kama kazi iliyofanyika. Naomba kuhesabiwe.

Kuna mambo madogo ambayo yanawasumbua vijana kuliko sheria. La kwanza ni kuku. Ukimaliza mahojiano nyumbani kwa watu, mwenye nyumba hukamata kuku akamfunga miguu vizuri uende naye. Ukikataa umemtukana mwenyeji wako, ukichukua umeuza ripoti. Aliyenifunza kazi hii alikuwa na kanuni yake: alikunywa maji, alikula ugali ikiwa saa ya chakula imemkuta, ila hakutoka na kitu mkononi, hata papai. Kinacholiwa pale pale ni ukarimu, kinachobebwa ni hongo. Nimewaona vijana wenye digrii mbili wakibabaika mbele ya kuku huyo kuliko walivyobabaika mbele ya jaji.

La pili ni ukimya wa mshtakiwa. Wako wanaojua kulia kwa wakati unaofaa, na wako wanaokaa wameinamisha macho nusu saa nzima bila jibu. Kijana mgeni humwandika wa kwanza kuwa anajuta na wa pili kuwa ana kiburi. Mara nyingi ni kinyume. Kulijua hilo kunataka uwe umeketi na wengi, karibu yako akiwepo mtu wa kukuuliza baadaye: mbona umefikiri hivyo?

La tatu ni afisa mwenyewe. Anasoma faili la mtoto aliyenajisiwa Jumatatu, la mauaji Jumanne, na Jumatano anatakiwa awe mchangamfu barazani. Madaktari na askari angalau wana wenzao wodini na kambini. Afisa wa probesheni mara nyingi yuko peke yake na makabati. Akipewa mzoefu wa kutembea naye, atakuwa pia amepewa mtu wa kuzungumza naye garini wakirudi.

Naomba pia sehemu ya mwaka huo itumike gerezani. Kwa sheria zetu za magereza, mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi ya kifungo, kwa hiyo aliyefungwa miaka tisa hutoka akiwa na sita. Tarehe yake ya kutoka inaweza kupigiwa hesabu tangu mapema. Hata hivyo wengi hufika langoni asubuhi ile wakiwa na mfuko wa plastiki na nauli tu, huku nyumbani hakuna anayejua kama wametoka. Afisa aliyekaa wiki kadhaa na askari jela wa karakana anajua nani amefaulu mtihani wa useremala, nani anajua kushona, na fundi gani mjini anaweza kumpokea bila kuuliza mengi. Asiyewahi kukaa huko anaandika kwamba mfungwa "amejifunza ufundi" na kuendelea na aya nyingine. Wenzetu wa Tanzania wana bodi za parole tangu sheria yao ya 1994, na mfungwa humalizia sehemu ya kifungo chake uraiani akiwa chini ya masharti. Sisi mengi tumeyaacha kwa uangalizi wa baada ya kifungo, na uangalizi huo una nguvu pale tu afisa anapomjua mtu kabla hajatoka.

Nimalizie na maafisa wa kujitolea. Wazo la kuwatumia wananchi wa kawaida lina mizizi Japani, ambako raia zaidi ya 40,000 huwaangalia waliotoka jela bila mshahara, na kwetu pia tunao, walimu wastaafu, wachungaji, maimamu, akina mama wa vyama. Wao ndio wanaojua kijana amerudi kutafuna muguka, majani yale ya kulevya, kabla afisa hajasikia. Lakini Mei 2024, mjini Otsu, mzee mmoja wa Japani wa kujitolea aliuawa nyumbani kwake, na mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake akashtakiwa. Nchi yenye uzoefu wa miaka mingi namna hiyo ililazimika kuuliza upya nani akutane na nani, wapi, na nani awe karibu. Hapa tunamwomba mama wa Magarini, hapa Kilifi, akutane na kijana aliyetoka jela, chini ya mwembe, bila hata muda wa maongezi kwenye simu yake. Wafunzwe pamoja na maafisa wapya, darasa moja, ili wajuane kwa sura na wapangiane namna ya kuitana usiku jambo likiharibika.

Najua utaniambia kesi zinasubiri, na kwamba kumfunga afisa mmoja kwa mwingine mwaka mzima ni kupunguza mikono. Ni kweli, kwa mwaka wa kwanza. Lakini ripoti ikiwa mbovu jaji huirudisha, kesi ikaahirishwa, na afisa akarudi kijijini kufanya upya kazi ile ile kwa nauli nyingine, mfungwa akisubiri rumande. Gharama hiyo tunailipa tayari.

Kundi lijalo la waajiriwa linaweza kuwa la kwanza. Huku pwani tuko wastaafu wa kutosha, miguu bado inatubeba, na vijiji tunavijua. Hatuombi mshahara. Tupewe nauli, barua ya kututambulisha kwa machifu, na vijana wa kutembea nao.

Wako mtiifu,

Afisa mstaafu wa probesheni,
Kilifi